Nilipiga Ijumaa Ile

Sydenham,
Durban,
Afrika Kusini.
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Pandu,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wifi Mwanapili na watoto, na kwamba goti lako halikusumbui sana na mvua hizi za vuli. Sisi huku miili ni mizima. Dulla anakwenda kazini Pinetown kila asubuhi, mimi nimerudi kwenye cherehani yangu kule Albert Park, na mji wenyewe ndivyo ulivyo mwezi huu, asubuhi jua, mchana mvua, jioni jua tena.

Salamu nimekupa kwa sababu nimelelewa, na aliyenilea mimi ndiye aliyekulea wewe. Sasa nikwambie ninaloandikia. Naandika juu ya mama, na juu ya ulichonifanyia mama akiwa kitandani. Nina hasira, Pandu. Nimejaribu kungoja zipungue ndipo niandike, nikaona nitangoja mpaka nizeeke.

Najua umepiga simu sana na sikupokea. Kwenye simu ungelia, na wewe ukilia mimi huwa nasahau nilichotaka kusema, tangu ulipokuwa mgongoni kwangu na pua yako ikinilowesha gauni. Karatasi hailii. Itakufikia kwa mkono wa Sia, yule binti wa Chumbageni anayesoma chuo huku, anarudi Tanga wiki ijayo. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe, asimwachie mtoto, na asikae kunywa chai.

Nianze na raha, maana raha ilikuwepo, na ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Unakumbuka tulivyooana mimi na Dulla. Harusi Alhamisi, Jumamosi tumeshapanda basi kwenda kutafuta maisha. Fungate hatukukaa. Mama alikuwa akinitania kila mara, eti mimi ni bibi harusi ambaye bado anadai siku zake saba. Basi mwaka huu Dulla akaja na tiketi bila kuniuliza, akasema anakwenda kunilipa fungate langu, na akachagua Iskandaria. Alisema tangu yuko madrasa alikuwa akilisikia jina la mji huo na akiutamani. Nilimpigia mama kumwambia. Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia nikafanye kazi moja tu huko, kulala.

Na kweli nililala. Hoteli yetu ilikuwa jengo la zamani linalotazama bahari, na lifti yake ya mlango wa nondo ilipanda kwa kelele kama cherehani isiyotiwa mafuta. Asubuhi tulikunywa chai ya majani ya nanaa kwenye roshani. Mchana tulitembea barabara ya pwani, ukuta mrefu wa mawe, watu wamekaa juu yake wawili wawili, na paka wengi ajabu. Mji ule ni mkongwe, Pandu. Ukichimba msingi wa nyumba unakutana na ukumbi wa Warumi, viti vyake vya mawe vimejipanga kama vinangoja wageni. Nilivikalia. Dulla alinipiga picha, akanambia nimekaa kama mke wa gavana.

Bahari yao haijai wala haitoki kama yetu. Siku ya kwanza nilimwuliza Dulla maji yanatoka saa ngapi, nikangoja mchana kutwa nione mchanga, nikawa nangoja bure. Dulla alinicheka siku nzima. Jioni tulikula samaki, unamchagua mwenyewe kwenye barafu, wanampaka pumba za ngano na kumchoma hivyo hivyo, ngozi inatoka nyeusi na nyama ndani nyeupe. Nilisema nitakuja kumfundisha mama kupika samaki wa aina hiyo.

Nakueleza haya yote ujue nilikuwa wapi wewe ulipokuwa unaniambia uongo.

Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, nilimpigia mama. Unajua ada yetu. Tangu nilipokuja Afrika Kusini, Ijumaa haijapita bila kumpigia, hata nilipokuwa nimelazwa nilimpigia nikiwa kitandani na kumwambia niko sokoni. Simu yake haikupatikana. Nikajaribu tena, haikupatikana. Ndipo nikakupigia wewe. Ulipokea upesi, sauti yako ya chini, nikasikia milio ya viatu kwenye sakafu na mlango unafungwa. Nilikuuliza uko wapi, ukasema uko ofisi ya ardhi. Nilikuuliza mama yuko wapi. Maneno yako ninayo kichwani kama niliyadarizi. Ulisema, "Simu ya mama imetumbukia kwenye beseni, iko kwa fundi. Mama mzima, amelala tu. Nitamwambia umepiga."

Nikakuamini, kwa nini nisikuamini? Nikaenda zangu kula aiskrimu.

Jumapili tulikwenda kwenye ngome iliyo mwisho wa ghuba, mahali ulipokuwa mnara wao wa kale wa kuongozea meli. Dulla akapigiwa simu. Alitoka hadi kwenye ukuta, akasimama amenipa mgongo muda mrefu. Aliporudi alisema ni mambo ya kazi, Pinetown. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini kazi ya Pinetown humbadilisha uso kila siku, sikushangaa. Alininunulia hindi la kuchoma. Akaingia msikitini kuswali, akakawia sana, akatoka macho mekundu. Nilimtania kwamba Wamisri wamemtia vitunguu machoni.

Nikapiga picha na hindi langu mkononi, miwani ya jua usoni, upepo umeshika mtandio, nikaituma kwenye kundi letu la familia. Nikaandika, "Mama mwonesheni mwanawe anavyokula fungate lake." Wote kimya. Wewe peke yako ndiye uliyejibu. Uliandika, "Mashallah dada, umenawiri. Pumzika."

Sasa najua saa ile ilikuwa saa gani. Ilikuwa alasiri, Pandu. Mlikuwa mmetoka kumwosha mama, jeneza liko uani Makorora, na wewe ulichukua simu ukaniandikia nimenawiri.

Na kundi nalo nimeambiwa. Mlifungua jingine. Rambirambi, taarifa za mazishi, dua, nani analala matangani, nani anapika, yote yalikuwa huko. Mimi mkaniacha kwenye lile la zamani, na watu wote wa ukoo wameonywa wasitie neno. Nimekaa siku zote zile nikituma picha za paka na bahari na maghorofa, naongea peke yangu kama mwendawazimu kwenye nyumba iliyohamwa. Shangazi zangu waliziona zile picha wakiwa kwenye mkeka wa msiba.

Tulirudi Durban Jumatano. Asubuhi yake Dulla akaniambia nisiende kazini, kuna wageni watakuja jioni. Nikajua tu, ni watu wa umoja wetu wa Watanzania wanakuja kusikia habari za safari, maana nilikuwa nimejisifu sana kabla ya kuondoka. Basi nikapika chai ya maziwa. Nikatoa zile keki za semolina nilizobeba kutoka Iskandaria, nikazipanga kwenye sahani nzuri. Nikavaa gauni jipya la rangi ya chungwa. Nikajitia udi, nikajipaka wanja. Dulla alinikuta mbele ya kioo, akaenda kupanga viti.

Wakaja. Mzee Boniface mwenyekiti wetu, na wanawake wa msikitini, na majirani zangu wa kazini Albert Park. Niliona kanga nyingi na sura zimeinama, nikadhani ni baridi. Niliwapokea mlangoni kwa kicheko, mmoja mmoja. Nikaanza kugawa keki na kuhadithia lifti ya hoteli. Mzee Boniface alikuwa anangoja wote wakae ndipo aanze maneno yake ya kiutu uzima, kama inavyotakiwa. Lakini alikuwepo Akimana, yule Mkongo tunayepakana naye meza za kushona, ambaye mila zetu hazijui na hakuambiwa angoje. Nilipomfikishia sahani alinishika mkono. Alisema, "Eish, Kidawa. Mama yako amekufa, na wewe uko unatupatia keki? Bwana yako hakukuambia?"

Nilimtazama Dulla. Dulla alikuwa anatazama chini.

Nimeingia kwenye msiba wa mama yangu nimepaka wanja, Pandu. Nimewakaribisha waombolezaji wangu kwa keki. Gauni lile nimelikata kwa mkasi wangu mwenyewe, nami ni mtu wa kushona, sijawahi kukata nguo nzima.

Dulla nilimwuliza usiku huohuo kwa nini. Alisema, "Nilipewa amana, Kidawa. Pandu aliniapisha." Akaniambia ulimweleza kwamba mama kaondoka ghafla alfajiri, hakuumwa, na mazishi ni leo leo, hata tukipaa kama ndege hatutawahi, basi aniache nimalize mapumziko yangu, nikifika nyumbani nikalishwe kitako niambiwe na wazee. Aliye njiani hapewi habari ya kifo, ulimwambia. Dulla ni mtu wa dini na wa ahadi, akaibeba. Alikula chakula cha siku zilizobaki kama anameza mawe, na mimi nikamlaumu eti samaki wa watu hawapendi. Nimemkasirikia, sikufichi. Bado simpi chai kwa mkono, namwekea mezani. Lakini hayo ya Dulla nitayamaliza na Dulla, kwa kuwa yeye alidanganywa kwanza kabla ya kunidanganya mimi.

Najua utanijibu kwa mila. Usijisumbue, mila naijua kukushinda. Baba alipofariki wewe ukiwa Mwanza, nani alikupigia? Mimi. Nilikwambia baba anaumwa sana, panda gari uje. Hukuambiwa amekufa mpaka ulipoingia ukumbini, ukakalishwa, wajomba wakakushika huku na huku. Ulinishukuru. Ndivyo wazee walivyokusudia. Mtu anafichwa ili afike salama, anafichwa huku anaitwa nyumbani. Mimi umenificha nisije. Mila hiyo umeitoa wapi?

Mpaka hapo ningekusamehe. Nasema kweli. Ningesema mdogo wangu kapotoka, alinionea huruma, huruma ikamzidi akili. Kuzikwa ni kuzikwa, nisingewahi. Nilikuwa nimeshaanza kukutetea kwa Akimana, ambaye alisema kwao ndugu wa hivyo haitwi kwenye sherehe.

Kisha Blandina akanipigia.

Usimkasirikie Blandina. Yeye ni jirani mwema, alitaka kunipa pole tu, na hakujua kama mimi sijui. Alianza kunisimulia jinsi mama alivyovumilia pale wodini. Nikamwuliza wodi gani. Akataka kubadili mazungumzo. Nikamwapia kwamba nisipoambiwa na yeye nitapanda ndege nije niwaulize wauguzi mmoja mmoja. Ndipo akasema.

Kumbe mama alilazwa tangu Jumatano. Kumbe alikuwa na akili zake zote, anasema, anakunywa uji, anatania wauguzi. Kumbe kila alipoamka aliomba apigiwe Kidawa, na simu yake ulikuwa umeitia mfukoni mwako umeizima, eti apumzike. Ulipenda sana watu wapumzike, wewe.

Na Ijumaa. Blandina alikuwa amekaa kitandani kwa mama na bakuli la uji. Mama aliuliza leo siku gani, akaambiwa Ijumaa. Akakuuliza kama nimepiga. Ukamwambia niko safarini, huko niliko hakuna mtandao. Na wakati bado hujakaa, simu yako ikaita, ukatoka nje ukafunga mlango. Aliyepiga nilikuwa mimi. Hapo ndipo ofisi yako ya ardhi ilipokuwa, nje ya ukuta wa chumba alicholala mama. Ukaongea nami, ukaniambia amelala, ukarudi ndani. Mama akakuuliza, "Nani amepiga?" Ukasema ni mtu wa kazini.

Blandina anasema mama aligeuza uso kwenye ukuta. Akasema, "Kidawa hajawahi kuniruka Ijumaa. Labda nimemuudhi." Uji hakuumaliza. Jumamosi hakuniulizia tena. Jumapili akaenda zake.

Nimeyasikia hayo nikiwa nimekaa kwenye cherehani na kitenge cha mtu mguuni. Sikulia. Machozi yaligoma, mpaka leo yanagoma. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimeshona nguo miaka yote hii sikuwahi kuitazama yangu.

Sikuulizi kama ulinionea huruma. Huenda ulinionea. Huenda hukutaka nikate safari nirudi na nikute mama amepona, nikulaumu kwa kunitisha. Huenda, na hili nalisema kwa sababu ndilo linalonijia nikiwa peke yangu, ulichoka kuwa mtoto anayekaa karibu na kusikia kila siku sifa za mtoto aliye mbali. Hata hilo ningelielewa. Wewe ndiye uliyembeba kwenda msalani na mimi ndiye niliyekuwa sauti ya Ijumaa. Lakini ulikuwa na dakika moja tu ya kunipa, Pandu. Ulikuwa na simu mkononi, mimi niko ndani yake, mama yuko nyuma ya mlango. Usingeniambia anaumwa, sawa. Ungempa tu asikie sauti yangu, hata kama ningezungumza habari za paka. Ungemwambia tu kwamba aliyepiga ni Kidawa. Uongo wote mwingine ulikuwa wa kunifunika mimi. Ule wa mtu wa kazini ulikuwa wa kumsaidia nani? Mama alikwenda akidhani nimemnunia.

Hilo silijui nitalifanyaje. Kila kitu kingine kina dawa. Picha nimezifuta. Dulla nitampa chai kwa mkono siku moja. Wewe pia, miaka ikienda, nitakaa nawe meza moja. Lakini mama simpati nimwambie.

Nitakuja kwa arobaini, inshallah, peke yangu. Sitafikia kwako. Nimeshamwomba Blandina chumba, wifi Mwanapili asitandike kitanda na asijisikie vibaya, yeye hana kosa lolote. Mbele za watu nitakupa mkono, na ukoo hautajua kitu kutoka kinywani mwangu. Sitaki mama azungumzwe barazani.

Ila kabla sijafika kuna jambo moja nataka ulifanye. Radhi usiniombe, utamwomba anayestahili. Nenda kwa mama. Usiende na mtu, wala usimpeleke shehe akusomee. Kaa upande wa kichwani, uite jina lake kama ulivyokuwa ukimwita, useme kwa mdomo, si kwa moyo, wapita njia wakisikia wasikie, "Mama, Kidawa alipiga Ijumaa. Alipiga kwako, akapiga kwangu. Mimi ndiye niliyekuficha." Usimweleze nia yako ilikuwa njema. Mwambie hivyo tu, kisha umfyekee majani, urudi nyumbani. Nikija nitakuuliza, nawe utanijibu ukinitazama.

Mpe wifi Mwanapili salamu zangu, na umwambie kitambaa chake cha buluu nimekipata. Wabusu Kombo na Mgeni, waambie shangazi yao anawaletea zile kanda za kufundishia herufi walizoomba. Msalimie Bi Blandina na umpe pole kwa kazi aliyoifanya. Akimana naye anawasalimu, ingawa hamjuani.

Mungu akupe afya na akupe umri, Pandu, uzeeke nyumbani mwako. Na siku utakapokuwa umelala na kuuliza nani amepiga, akuweke karibu na mtoto atakayekutajia jina.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado, kwa kuwa mama ndiye aliyenipa wewe nikubebe,

Kidawa